Mkono Uliokwepa Isumba

Kipungu cha kwanza kilipoanguka kwenye mianzi, Tuponile alikuwa jikoni kwake Tukuyu anamenya ndizi, hana habari kwamba yeye ndiye aliyekiangusha.

Simu ililia juu ya friji. Alikuwa Sekela, msimamizi wa zamu kwenye kituo cha vipungu, vindege vya kupeleka dawa vijijini, binti mwenye mdomo usiotulia, ambaye siku zote huanza na utani ndipo aje kwenye kazi. Siku hiyo hakutania.

"Ugonile, dada Tupo. Uko karibu na kompyuta yako?"

"Niko karibu na sufuria yangu. Kuna nini?"

"Baba mkwe wako ameumwa na nyoka. Kifutu. Mguuni."

Tuponile aliweka kisu mezani, akajipangusa mikono kwenye kanga, akajipangusa tena ingawa ilikuwa imeshakauka. Mumewe, Asajile, alikuwa huko huko kijijini Isumba kwa baba yake tangu mvua zilipoanza, na mafuriko yalikuwa yamelibeba daraja. Mtu alikuwa hatoki wala haingii.

"Zahanati ya kule imeishiwa dawa ya sumu," Sekela aliendelea. "Tumepeleka kipungu chenye dawa. Kimefika vizuri, dada, mapaa tunayaona kwenye kamera, tunasema haya sasa kishuke. Kikakata kona kushoto! Kikaingia bondeni, kikakosa upepo, kikajilaza kwenye mianzi, kule kwenye korongo ambako hata nyani anafikiri mara mbili. Tumepeleka cha pili. Kona ile ile, mahali pale pale. Utadhani kuna ukuta."

"Vilipakiwa mkono wa nani?" Tuponile aliuliza, ingawa alijua.

"Wako. Upande ule kuna mkono gani mwingine?"

*

Kuna watu mpaka leo wanadhani vipungu vinaongozwa na serikali, au na malaika. Jamani, hapana. Vinaongozwa na watu waliokaa majumbani mwao na soksi miguuni.

Mwanzoni zilijaribiwa droni za betri, baridi na ukungu wa Rungwe vikazimaliza moja baada ya nyingine. Ndipo kikaja kipungu, ndege isiyo na injini. Winchi inakivuta kama mtoto anavyokimbia na tiara, kinapanda, kamba inaachia, na kuanzia hapo kinaishi kwa upepo. Upepo ukigonga kigongo cha mlima hauna pa kwenda ila juu, na kipungu kinapanda nao. Kikiutoka kinashuka, na hakuna wa kukisukuma. Wataalamu wakaandika kanuni za kukirusha, vipungu vikazitii kanuni hizo moja kwa moja mpaka kwenye majabali.

Basi wakatunga mchezo. Ndani ya mchezo waliiweka milima yote ilivyopimwa kutoka angani, kila kigongo na kila paa, na upepo wake, wakaugawa mchezo huo bure kwa yeyote mwenye kompyuta nyumbani na jostiki, kijiti cha kuongozea. Wewe unacheza, mashine inajifunza. Inajifunza unapothubutu, unapositasita, unavyouvizia upepo. Ukicheza vya kutosha inakuwa imeupata mkono wako, kama wanavyouita, na mkono huo unapakiwa kwenye kipungu cha kweli. Kesho yake wewe unapalilia maharage, mkono wako uko mawinguni unapeleka damu kwa mzazi.

Tuponile alianza kucheza wakati wa mimba iliyomlaza kitandani, mimba ambayo mwishowe haikukaa. Alipoinuka kitandani hakuuacha mchezo. Alikuwa hodari kuliko wote wa wilaya, na Asajile, fundi wa pampu za maji, alikuwa akiwaambia rafiki zake, "Mimi nimeoa mwewe, vifaranga vyenu vifungieni."

Sasa, ukoo wa Asajile ulishika miiko. Mke wa mtoto haonani na baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hatamki jina lake, akimwona anakuja njiani huingia migombani, akampa mgongo mpaka apite. Wengi mjini wameshayaacha hayo, wanakula na wakwe zao meza moja na kugombania rimoti. Kwao hapana. Wala usidhani ilikuwa chuki. Mzee alikuwa akikohoa kwa makusudi tangu mbali, ili mkamwana apate muda wa kujisitiri bila kukurupuka. Ile mimba ilipotoka, alituma mkungu wa ndizi mbivu mpaka Tukuyu, na neno moja kwa mdomo wa mkewe: "Mwambieni mwanangu ale." Tuponile alizila zile ndizi akilia. Baba yake mzazi hakuwahi kumtumia hata salamu.

Kwa hiyo siku ya kwanza alipokuwa akicheza, kigongo cha Isumba kikatokea kwenye skrini, na chini yake lile paa jekundu la bati alilolijua, alikata kona. Mkamwana atapitaje juu ya kichwa cha mkwe wake? Alikuwa peke yake sebuleni, hakuna aliyemwona, na alijicheka. Lakini alikata kona. Kesho yake pia. Baada ya muda hakuwa anacheka wala kuwaza. Mkono ulikwenda wenyewe.

Wahandisi wa shirika la vipungu waliiona hiyo kona, wakakuna vichwa. Wakasema lazima huyu mama anahisi upepo mbaya ambao vipimo havijauona. Wakaiita kona ya Tuponile. Wakaiweka kwenye mafunzo! Walipomuuliza, angewaambia nini wale wanaume na miwani yao, kwamba anamstahi mkwe aliyechorwa kwenye kompyuta? Alisema, "Naona tu hivyo." Wakaandika na hilo. Na kwa kuwa mizigo yote ilikuwa ya vijiji vya chini, na Isumba walikuwa na daraja lao, kona ile haikumdhuru mtu.

*

"Si upepo, Sekela," alisema sasa, na kumweleza yote kwa maneno machache, uso ukimwaka kwa aibu.



"Yaani unakwepa nyumba?"

"Namkwepa mtu."

"Mungu wangu! Na sisi tumewafundisha watu semina nzima!" Kisha sauti ya Sekela ikashuka. "Dada, siwezi kuitoa hiyo kona. Mkono haukatwi vipande. Ni kama kutoa chumvi kwenye mchuzi. Na dawa imebaki dozi moja. Nikiituma na mkono wako itaungana na zile mbili. Nikiituma na mkono wa mwingine, hakuna anayekijua kigongo kile. Njia ni moja. Nikuunganishe na kipungu chenyewe, ukirushe mwenyewe, sasa hivi, hapo hapo ulipo. Hautakuwa mchezo."

"Nipite juu yake."

"Upite juu yake, na utue uani kwake. Kwingine kote ni miteremko. Na kutua utahitaji kamera, huwezi kufumba macho."

Tuponile alikwenda sebuleni, akakaa kwenye kiti chake mbele ya skrini nyeusi, akampigia Asajile. Nyuma ya sauti ya mumewe alisikia watu wengi, na mwanamke akiomba Mungu.

"Mguu umevimba mpaka kwenye paja," Asajile alisema. "Nesi anasema moyo ukianza kusumbuka basi. Dawa iko wapi, Tupo? Tunaviona vinakuja halafu vinageuka. Baba ameviona pia."

Alimweleza. Alimsikia akivuta pumzi, akamsikia akiondoka pale alipokuwa amesimama, kisha maneno ya Kinyakyusa kwa mbali, ya kusihi, na sauti nyingine, nzito na dhaifu, ikijibu kwa ufupi. Ile sauti Tuponile alijitahidi asiisikie. Hata kwa simu aliishusha kutoka sikioni.

Asajile alirudi. "Amekataa."

"Amekataaje?"

"Yuko nje kwenye mkeka, nguo wamemvua kwa sababu ya uvimbe. Anasema mkamwana wake hawezi kumwona hivyo. Amesema bora afe na heshima yake, na usije."

"Mwingizeni ndani, basi!"

"Nesi amekataa asiguswe. Akitikiswa sumu inatembea."

"Asajile. Wewe unasemaje?"

"Mimi... Tupo, ni baba yangu."

"Najua ni baba yako. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Nije nisije?"

Alisubiri. Angekubali lolote, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Kama mumewe angemwambia njoo, angekwenda na moyo mmoja. Kama angemwambia baba ameshasema, usije, angekaa pale na kulia na kutii, na dhambi wangegawana.

"Amua wewe," Asajile alisema. "Mimi siwezi." Na simu ikakatika, au aliikata, hilo Tuponile hakulijua wala hakupata kuuliza.

Loo, mwanamume! Alibaki ameikodolea simu. Upande mmoja ni mtu mzima, mwenye akili zake timamu, aliyesema kwa kinywa chake kwamba kuna kitu anakithamini kuliko uhai wake. Na nani amempa Tuponile ruhusa ya kumvua mzee kitu hicho kwa nguvu, eti kwa kuwa ana jostiki? Upande wa pili ni mtu yule yule, na mguu uliovimba mpaka pajani. Akitii, atakuwa mkamwana mwema kwenye mazishi, na ataimbwa. Alijiona kabisa amekaa msibani, kitambaa kichwani, wanawake wakimsifu kwa heshima yake. Picha hiyo ilimchefua.

"Sekela," alisema, "niunganishe."

*

Winchi ilivuta. Skrini ilijaa mawingu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kurusha, jostiki ilimtetemekea mkononi kwa upepo wa kweli.

Kukirusha mpaka kigongoni haikuwa kazi. Aliupata upepo juu ya mashamba ya chai, akaupoteza, akaupata tena pembeni mwa msitu, akapanda nao akizunguka, mvua ikipiga kamera. Kisha kikatokea kigongo cha Isumba, na paa jekundu.

Mkono ulianza kwenda kushoto.

Aliuona ukienda. Aliushika kwa mkono wa pili, kama unavyomshika mtoto anayetaka kukimbilia barabarani, akausukuma urudi kulia. Kipungu kikayumba. "Shikilia, dada, shikilia," Sekela alikuwa akisema kwenye spika. Upepo wa kigongo ukakipokea kwa chini na kukiinua, upepo mzuri ajabu, bora kuliko wote aliowahi kuupata, nao ulikuwa pale miaka yote aliyokuwa akiukwepa. Akapita juu ya paa. Alisema kwa sauti, peke yake sebuleni, "Nisamehe, baba. Nisamehe."

Uani watu walikuwa wakikimbia kupisha. Akageuza, akashusha, na kamera ikamletea yule mzee.

Alikuwa mdogo. Miaka yote Tuponile alikuwa amemtengeneza kichwani mzee mrefu, mpana, kwa kikohozi chake na kishindo chake cha nyuma ya nyumba, kumbe alikuwa mtu mdogo mwenye masikio yaliyochomoza kama ya Asajile. Alikuwa amelala kwenye mkeka jinsi alivyozaliwa, mguu mmoja mweusi. Alikiona kipungu kinakuja, akatafuta shuka kwa mkono, hakuna aliyempa, wote walikuwa wakitazama juu. Basi akajifunika uso kwa viganja vyake viwili, huku sehemu nyingine zote za mwili wake zikibaki wazi. Tuponile hakuweza kufumba macho mpaka magurudumu yalipogusa udongo.

"Kimetua!" Sekela alipiga kelele, na nyuma yake kituo kizima kikapiga makofi. "Kimetua, dada! Mficha maradhi kifo humuumbua, na leo kifo kimekwenda mikono mitupu!"

Tuponile alizima skrini. Alikwenda jikoni, akatapika kwenye beseni la ndizi.

*

Mzee alipona. Asajile alirudi Tukuyu baada ya wanakijiji kulaza magogo pale palipokuwa na daraja. Alikuwa amekonda, viatu vina tope, begi tupu mkononi, na hakukaa alipokaribishwa kwenye kiti chake mwenyewe.

"Baba anakushukuru," alisema.

"Nashukuru kusikia."

"Anasema dawa ilifika kwa wakati."

"Na nini kingine, Asajile? Hukuja na begi tupu kuniletea shukrani."

Asajile alilitazama begi. Alilisema neno lile haraka, kama mtoto anayesoma shairi shuleni. "Anasema mwanamke aliyemwona vile hawezi kuwa mkamwana wake. Kwa hiyo si mkamwana wake, na hakuwahi kuwa. Na kama hakuwahi kuwa, basi hakuna mwiko uliovunjwa. Ameonwa na mtu baki tu, kama alivyoonwa na nesi. Ukoo umebaki salama. Ng'ombe wa mahari hataki warudishwe, wabaki kwenu."

Wahenga wanasema shukrani ya punda ni mateke, lakini huyu hakuwa punda, alikuwa mtu mwenye akili kali. Alitafuta mlango wa kutokea kwenye aibu yake, akaupata, na ulipita katikati ya nyumba ya Tuponile.

"Na wewe umejibu nini?"

"Ningejibu nini? Ni mgonjwa. Haya ni maneno ya hasira, Tupo, yatapoa. Nachukua nguo chache tu kwa sasa."

"Uliniambia niamue."

"Ndiyo."

"Nimeamua, na baba yako yu hai, na wewe unafunga begi."

Asajile alikunja mashati yake vizuri, akayapanga, maana alikuwa mtu nadhifu siku zote. Tuponile alisimama mlangoni akimtazama, na hasira ilimpanda taratibu, ikawa kavu.

"Basi kamwambie hivi," alisema. "Kama mimi si mkamwana, sina mwiko naye. Mimi ni mtu baki niliyemwokoa maisha. Mtu baki hashukuriwi kwa tarishi. Nitakuja Isumba, nitasimama mbele yake, anishukuru kwa mdomo wake, ananitazama usoni. Akiweza, nitaamini kwamba anayoyasema anayaamini, na nitakuacha uende."

*

Alikwenda. Alivuka magogo, akapanda mlima kwa miguu, amevaa gauni lake la harusi za watu, kichwa wazi. Njiani kipungu kilipita juu yake kikielekea vijiji vya mbele, na kilikwenda kimenyooka. Mashine ilikuwa imejifunza safari ile ya dawa, na wahandisi walikuwa wameiondoa kona ya Tuponile kwenye mafunzo ya semina bila kumwambia mtu sababu.

Alijiapiza kutwa nzima kwamba hatajificha. Alipoifikia njia nyembamba inayoingia kwenye boma, migomba huku na huku, akawaona wanakuja. Mbele alikuwa mzee, amejifunga shuka, akichechemea na fimbo yake. Nyuma Asajile na mama yake. Miguu ikataka kumpeleka migombani kama ilivyozoea. Alikaza. Alisimama katikati ya njia na kuinua uso.

Mzee alimwona.

Fimbo ilianguka. Kwa mguu ule mbovu, mzee aliruka kando ya njia, akajitumbukiza kati ya migomba, akachutama huko na kuwapa wote mgongo, kichwa kimeinama, mikono imefunika masikio yake yaliyochomoza. Majani makavu yalikuwa yakitikisika kwa jinsi alivyokuwa anatetemeka.

Hasira yote ilimtoka Tuponile. Alimwonea huruma.

"Ala!" Mama mkwe alishika kiuno katikati ya njia. "Si ulisema si mkamwana wako? Mbona unamkimbia? Nani hujificha namna hiyo kwa mtu baki? Asajile, umeona kwa macho yako. Baba yako mwenyewe amesema kwa miguu kwamba huyu ni mkeo. Haya, sema!"

Kila kitu kilikuwa kimekwisha kusemwa. Kilichobaki ni Asajile kuvuka hatua chache, asimame upande aliosimama mkewe, au hata aseme ndiyo tu, mama, nimeona. Tuponile alimtazama. Alimsubiri kama alivyomsubiri kwenye simu, na safari hii hapakuwa na mtandao wa kukatika.

Asajile aliinama, akaiokota fimbo ya baba yake, akaipangusa tope kwa kiganja, akaingia nayo migombani.